Vitabu Vitoke Kabatini: Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Mbogwe

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbogwe, Idara ya Elimu ya Awali na Msingi, Maafisa Elimu Kata, walimu wakuu na kamati za shule za msingi za Masumbwe.

Yah: Kuanzishwa kwa Juma la Kusoma na uazimishaji wa vitabu shuleni

Kwa heshima inayostahili, barua hii inawasilisha mbele ya Halmashauri pendekezo la kuanzisha Juma la Kusoma katika shule za msingi za Masumbwe, yaani siku tano za masomo katika kila mwaka ambazo shule, wazazi na wafanyabiashara wa mji huu watazitumia kuadhimisha kusoma na maktaba, na inaeleza kwa nini adhimisho hilo, lisipotanguliwa na uamuzi mmoja wa kiutawala kuhusu uazimishaji wa vitabu, litakuwa shamrashamra tu. Maktaba ya shule, kwa maana inayotumika hapa, si lazima iwe jengo; ni mkusanyiko wa vitabu uliopangwa, unaojulikana una nini ndani yake, wenye mtu anayeusimamia na kanuni inayomruhusu mtoto kuchukua kitabu, kwenda nacho nyumbani na kukirudisha. Kwa maana hiyo, shule yenye vitabu 80 ndani ya sanduku la mbao, vinavyotoka na kurudi kila Ijumaa, ina maktaba, ilhali shule yenye chumba kilichopakwa rangi, chenye rafu na kufuli, ambacho wanafunzi hukichungulia dirishani, bado haina.

Masumbwe ni mji wa njiani na wa sokoni. Barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Ushirombo, na kutoka huko hadi mipaka ya Rwanda na Burundi, inaupitia usiku na mchana. Mashamba ya mahindi, mpunga na pamba yanaulisha. Na machimbo ya wachimbaji wadogo yaliyotawanyika katika Wilaya ya Mbogwe, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 pamoja na Mkoa wa Geita baada ya eneo hili kuwa kwa muda mrefu sehemu ya Bukombe katika Mkoa wa Shinyanga, yanauletea fedha, na pia watu wanaokuja na kuondoka kwa kufuata habari za duara jipya, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lililoanza kutoa. Mtoto anayekulia hapa haishi mahali pasipo na maandishi. Huyaona kwenye matela ya malori, kwenye vibao vya mawakala wa fedha za simu, kwenye makopo ya dawa ya pamba na kwenye milango ya wanunuzi wa dhahabu. Lakini karibu maandishi yote hayo yameandikwa ili kuuza, kutoza au kuonya, na aliyekusudiwa ni mtu mzima. Mahali ambapo mtoto huyo angeweza kukutana na maandishi yaliyotungwa kwa ajili yake, yanayomchekesha, yanayomtia hofu kidogo na kumfanya atake kujua kitakachofuata, ni shuleni, na kwa watoto wengi ni shuleni pekee.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa kuwa wengi wa watoto hao huingia darasa la kwanza wakiwa wamezoea kuzungumza Kisukuma au Kisumbwa nyumbani, na hutakiwa kujifunza herufi na kujifunza Kiswahili sanifu kwa wakati mmoja. Kitabu cha kiada, yaani kitabu rasmi cha somo kinachofuata muhtasari, huwafundisha sauti, silabi na maneno kwa mpangilio uliokusudiwa, na kazi hiyo haina mbadala. Hata hivyo kurasa zake ni chache mno kumpa mtoto mazoezi ya kutosha ya kusoma kwa mfululizo mpaka macho yaache kuhangaika na herufi moja moja na akili ipate nafasi ya kufuata habari. Kazi ya kumpa wingi huo wa kurasa ni ya kitabu cha ziada: hadithi, kitabu cha picha, masimulizi ya wanyama, maelezo ya mambo ya dunia. Utafiti wa Uwezo, ambao watafiti wake hupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto badala ya kuwasubiri shuleni, ulionyesha mwaka 2010 kwamba ni takriban wanafunzi watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu nchini walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu hapo Serikali imefanya mengi, ikiwemo kubadili mtaala wa madarasa ya awali mwaka 2015 ili ujielekeze katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, stadi ambazo walimu huziita KKK. Mtaala, hata hivyo, hufundisha namna ya kusoma. Hauwezi peke yake kumpatia mtoto cha kusoma jioni anaporudi kutoka kuchunga au kuteka maji.

Kanda ya Ziwa haihitaji kufunzwa na wageni namna ya kuufanya usomaji kuwa shughuli ya jamii nzima, kwa sababu ni hapa ambapo taifa lilijifunza jambo hilo. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo, ulioungwa mkono na UNESCO na kuongozwa kutoka Mwanza, ulianza katika mikoa ya kanda hii, Shinyanga ikiwa mmojawapo, ukitumia mbinu iliyoitwa kisomo chenye manufaa, yaani kisomo ambacho vitabu vyake vya kwanza vinazungumzia kazi ya msomaji mwenyewe: pamba kwa mkulima wa pamba, uvuvi kwa mvuvi, migomba kwa mwenye migomba. Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni ikaenea nchi nzima, na matokeo yake yamo katika kumbukumbu za elimu duniani: watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokadiriwa kuwa asilimia 67 wakati wa sensa ya mwaka 1967, walipungua hadi asilimia 39 katika jaribio la kitaifa la mwaka 1975 na asilimia 9.6 mwaka 1986. Waliosimamia kazi hiyo walitambua mapema kwamba mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma husahau, na kwa hiyo katika miaka ya 1970 wakaanzisha gazeti la vijijini la kanda hii, *Elimu Haina Mwisho*, pamoja na maktaba za vijiji na za kata zilizowekwa shuleni, katika ofisi za vijiji, na mara nyingine katika nyumba ya mtu aliyeaminika. Maktaba hizo zilipoachwa bila vitabu vipya katika miaka ya uchumi mgumu iliyofuata, nyingi zilififia. Funzo lake kwa Masumbwe ya leo ni la moja kwa moja: ari ya watu haikuwa na upungufu, kilichokatika ni mtiririko wa vitabu mikononi mwao, na adhimisho lolote linaloamsha ari bila kulinda mtiririko huo linarudia kosa lililokwisha kufanyika katika ardhi hii hii.

Hapa ndipo lilipo kabati. Katika shule nyingi za msingi vitabu vya ziada vipo, japo si vingi. Vimeletwa na Serikali, na miradi iliyokuja ikaondoka, na wahisani. Vimepangwa vizuri ndani ya kabati katika ofisi ya mwalimu mkuu, vingine vikiwa bado katika maboksi yaliyovileta, na havitoki. Itakuwa dhuluma kudai kwamba walimu hawapendi watoto wasome. Kitabu cha shule ya Serikali ni mali ya umma. Kinapopokelewa huandikwa katika leja, yaani daftari la kuingizia na kutolea mali, na mwalimu mkuu anapohamishwa hukabidhi kitabu kimoja kimoja kwa anayempokea, huku mkaguzi akiwa na haki ya kuuliza kila namba isiyoonekana. Mwalimu mwenye darasa lililojaa wanafunzi kupita uwezo wake, anayejua kwamba kitabu kikienda nyumbani kinaweza kunyeshewa, kuliwa na mchwa au kuhama pamoja na familia iliyofuata dhahabu mahali pengine, anafanya hesabu inayoeleweka: kitabu kilichofungiwa hakimletei swali. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba inahesabu upande mmoja tu, kwa kuwa kitabu kilichopotea huandikwa na kutafutiwa mwenye kulipa, wakati mtoto aliyemaliza darasa la saba bila kuwahi kusoma kitabu kizima kwa hiari yake hakuna leja inayomwandika.

Desturi ya kukilinda kitabu dhidi ya msomaji wake ni ya zamani na haikuanzia Afrika. Katika Ulaya ya karne za kati vitabu vya makanisa na vyuo vilifungwa kwa minyororo kwenye meza na rafu, na ilichukua karne nyingi minyororo hiyo kuondolewa. S. R. Ranganathan, mwanahisabati wa Madras nchini India aliyegeuka mkutubi, yaani mtaalamu wa kuendesha maktaba, alitoa mwaka 1931 misingi mitano ya taaluma hiyo, na wa kwanza kabisa aliujenga juu ya matumizi: thamani ya kitabu inatokana na kutumiwa kwake, na kanuni zote za maktaba, kuanzia saa za kufungua hadi urefu wa rafu, zipimwe kwa kigezo hicho. Nchi yetu iliikubali fikra hiyo ilipounda Bodi ya Huduma za Maktaba kwa sheria ya mwaka 1963 na kufungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru, kwa mkono wa Mwalimu Nyerere mwenyewe, wakati ambapo nchi ilikuwa na mahitaji mengine mengi ya kuitumia fedha yake.

Kwa sababu hizo, ombi la kwanza na la msingi la barua hii ni kwamba Halmashauri itoe waraka mfupi kwa walimu wakuu wote, utakaosema wazi kwamba kuazimisha vitabu vya ziada ni wajibu wa shule na si hisani ya mwalimu. Kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa si hasara bali ni matumizi yaliyokusudiwa. Na kwamba kwa kila mwaka kamati ya shule inaruhusiwa kuthibitisha upotevu wa kiasi kitakachowekwa na Halmashauri, na vitabu hivyo vikafutwa katika leja kwa utaratibu halali bila mwalimu kukatwa mshahara wala mzazi kutozwa. Sehemu hii ya mwisho isionekane kuwa ndogo. Mtoto anayeambiwa kwamba mama yake atalipa kitabu kikipotea, naye anajua nyumbani kuna nini na hakuna nini, atakataa kuazima, na atakataa kimya kimya, hata mwalimu asijue kwamba amemkosa msomaji. Masharti mengine yote ya Juma la Kusoma yanaweza kupunguzwa au kubadilishwa kulingana na uwezo, lakini waraka huu ukikosekana ni afadhali juma lenyewe lisubiri.

Kuhusu wakati wa kuliadhimisha, kalenda ya dunia inatoa tarehe kadhaa, na si zote zinaifaa Masumbwe. UNESCO iliitenga tarehe 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu Duniani, na Aprili hiyo hiyo, tarehe 13, ni siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, ambayo sasa hutumika kutolea tuzo ya taifa ya uandishi bunifu inayobeba jina lake. Hata hivyo Aprili ni mwezi wa mvua, vijito vinajaa, na kitabu kinachobebwa na mtoto anayetembea kilometa kadhaa hufika kimelowa. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo, ambayo nchini huhitimisha Juma la Elimu ya Watu Wazima, lakini Septemba ni mwezi wa mtihani wa darasa la saba, ambapo mwalimu hana nafasi ya jambo lingine, na Oktoba, ambayo katika nchi nyingi ni mwezi wa maktaba za shule, inamalizikia katika upimaji wa darasa la nne. Kinachobaki, na kinachofaa kuliko vyote, ni Julai. Mahindi yamekwisha kuvunwa, pamba imeanza kuuzwa au imekwisha kuuzwa, njia ni kavu, muhula wa pili ndio kwanza umeanza na hakuna mtihani wa taifa unaokaribia, na tarehe 7 Julai nchi inaadhimisha Sabasaba na, tangu mwaka 2022, Siku ya Kiswahili Duniani. Juma la tatu la Julai, shule zikiwa zimekwisha kutulia baada ya kufunguliwa, lingekuwa chaguo la busara.

Shughuli ya siku ya kwanza iwe kufungua kabati, na isiwe na mapambo mengi. Kila mwanafunzi kuanzia darasa la tatu aondoke na kitabu alichokichagua mwenyewe, jina lake likiwa limeandikwa katika daftari la uazimaji mbele ya macho yake, na wale wa darasa la kwanza na la pili wasomewe, kila kundi dogo la watoto wanne au watano likiwa na mwanafunzi wa darasa la sita chini ya kivuli cha mti. Neno "alichokichagua mwenyewe" lina maana yake kamili hapa, kwa sababu mwalimu anayegawa vitabu kwa mpangilio wa viti amegawa kazi nyingine ya darasani, na mtoto wa darasa la tano anayeshika kitabu cha picha cha darasa la pili kwa sababu ndicho anachokiweza aachwe akisome bila kutajwa mbele ya wenzake.

Sehemu inayobeba tumaini kubwa zaidi ni ile itakayowaleta wazee shuleni, si kama wasikilizaji wa hotuba bali kama wenye mali. Jamii za Wasukuma na Wasumbwa zina hazina ya ngano, vitendawili na masimulizi ya koo ambayo kwa desturi yalitolewa jioni kwenye shikome, moto wa uani ambapo wazee na vijana walikaa na elimu ya maisha ikapita kutoka kinywa hadi sikio. Hazina hiyo iko hai lakini wasimulizi wanapungua, na shule inaweza kuipokea kwa njia rahisi: wazee kadhaa wanaalikwa wasimulie kwa lugha wanayoiweza vizuri, wanafunzi wa madarasa ya juu wanasikiliza, wanaandika kwa Kiswahili, na palipo na mwalimu anayeweza kuwaongoza wanaandika pia kwa lugha ya msimulizi, kisha wanachora picha, wanashona kurasa kwa uzi na gamba la boksi, na kitabu kinachopatikana kinapewa namba, kinaingizwa katika leja ya maktaba na kuazimwa kama vingine, kikiwa na jina la msimulizi na majina ya walioandika. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, ndani ya kanda hii hii, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya maisha ya wazee wake akaikamilisha mwaka 1945 kwa hofu kwamba mambo hayo yangesahauliwa, na haikuchapishwa mpaka mwaka 1980, kwa Kiswahili, alipokuwa mzee sana. Mtoto wa Masumbwe anayekiona kisa cha babu yake kimesimama rafuni karibu na vitabu vilivyotoka Dar es Salaam hapati tu hadithi. Anapata ushahidi kwamba vitabu hutungwa na watu, na kwamba watu hao wanaweza kuwa wa kwao.

Kwa ajili ya mashindano, ambayo bila shaka watoto watayataka, kuna kielelezo cha nyumbani kilicho bora kuliko jukwaa lenye majaji watatu na karatasi za alama. Katika sikukuu ya Bulabo, inayofanyika kila Juni Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayeuvuta umati uelekee kwake. Kila shule inaweza kugawanywa kwa kura katika pande mbili zinazochanganya madarasa yote, na siku ya nne ya juma, katika uwanja wa shule au karibu na gulio, pande hizo zikasoma hadithi kwa sauti, moja huku na nyingine kule, wazazi na wapita njia wakiwa huru kusogea wanakovutwa. Kusoma kwa namna hiyo kunamlazimisha msomaji kuelewa anachokisoma, kwa kuwa sauti isiyojua habari inaelekea wapi haimshikilii mtu mwenye haraka ya kwenda sokoni. Hatari yake ni kwamba kila upande utawatanguliza wanafunzi hodari tu, na hivyo wanaohitaji mazoezi watabaki kupiga makofi. Kinga yake ni kwamba wasomaji wa kila darasa wapatikane kwa kura, nayo ipigwe asubuhi ya siku yenyewe, ili kwa majuma yanayotangulia wote wawe wamejiandaa kama kwamba ni wao watakaoitwa.

Wazazi wanaofanya kazi kwenye karasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kwenye mialo ya kuoshea mchanga hawawezi kufika shuleni saa nne asubuhi, na mara nyingi ndio ambao watoto wao huonekana darasani kwa kusuasua. Jioni moja ya juma hilo itengwe kwa ajili yao, mwanga wa taa za sola ukitosha, na programu yake iwe watoto kuwasomea wazazi. Vitabu na vipeperushi vinavyoeleza kwa Kiswahili chepesi madhara ya zebaki, ile metali ya majimaji inayotumika kunasa dhahabu na ambayo mvuke wake hudhuru ubongo wa mtoto, vina mahali pake katika jioni hiyo. Ripoti kuhusu ajira ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya, iliyotolewa na shirika la Human Rights Watch mwaka 2013, iliusikitisha ulimwengu. Lakini mzazi hashawishiwi na ripoti, na huenda akashawishiwa zaidi na mwanawe anayesoma mbele yake, bila kukwama, jambo linalohusu mikono yake mwenyewe.

Mgeni rasmi akialikwa, basi asome. Kiongozi anayesimama mbele ya watoto na kuwasomea hadithi ya kurasa kumi kwa ustadi amefanya kazi ambayo hotuba ya saa nzima kuhusu umuhimu wa elimu haiwezi kuifanya. Fedha ambazo kwa kawaida zingelipia mahema, viti vya kukodi, fulana na chakula cha wageni zinunue vitabu.

Kuhusu fedha hizo, ni vyema kukiri kwamba ruzuku ya uendeshaji inayoambatana na elimumsingi bila ada iliyoanza Januari 2016, yaani shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo 6,000 zilipangwa kwenda shuleni na 4,000 kubaki ngazi ya Taifa kwa ajili ya vitabu vya kiada, haina nafasi ya kubeba maktaba pamoja na chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Mbogwe, hata hivyo, ni wilaya ya dhahabu. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka mwenye haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, yaani mchango wake katika maendeleo ya watu wanaoishi penye madini, na kukubaliana juu yake na mamlaka ya serikali za mitaa inayohusika. Na Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma kutoka kwa wafanyabiashara wa eneo lake. Mipango ya namna hiyo imezoea kuzaa madarasa, vyoo na zahanati, vitu vinavyoonekana na vinavyohitajika kweli. Ombi ni kwamba katika kila darasa linalojengwa kwa fedha hizo, gharama ya sanduku moja la vitabu iwe sehemu ya makadirio ya jengo kama vile dari na madawati, ili lisije likachukuliwa kuwa nyongeza ya kuombewa baadaye.

Vitabu vyenyewe si vigumu kupatikana kama inavyodhaniwa. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umewasaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini kutoa hadithi za Kiswahili kwa ajili ya watoto. Taasisi ya Elimu Tanzania inaweka vitabu bila malipo katika Maktaba Mtandao yake. Na mkusanyiko wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, unaruhusu hadithi zake za Kiswahili zichapwe na shule yoyote bila kuomba kibali wala kulipa. Shule yenye umeme na mashine ya kuchapa inaweza kuwachapia majirani zake ambao hawana.

Kwa shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyofunguliwa mbali ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu kwenda shule mama, na ambavyo havitapata chumba cha maktaba kwa muda mrefu ujao, sanduku linalozunguka ndilo jibu. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa nchini Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa hadi kwa jamii za wafugaji ambako gari halifiki au halidumu, na huduma hiyo ikawa mashuhuri duniani, ingawa kiini chake hakikuwa ngamia bali ratiba: watu walijua siku ambayo vitabu vingekuja na siku ambayo vingerudiwa. Masumbwe ina bodaboda za kutosha. Masanduku manne ya mbao, yaliyotengenezwa na mafundi seremala wa hapa hapa mjini, kila moja likiwa na vitabu tofauti 50, yakizunguka kati ya shule nne na kubadilishana kila baada ya majuma sita, humfanya kila mtoto wa shule hizo afikiwe na vitabu 200 ndani ya muda usiofika mwaka, kwa bei ya 50 kwa kila shule. Afisa Elimu Kata ndiye anayefaa kuitunza ratiba hiyo, na Bodi ya Huduma za Maktaba inaombwa ipeleke mtaalamu wake kwa siku mbili tu ili kuwafundisha walimu wa maktaba namna ya kupanga vitabu kwa viwango vya usomaji na kutunza daftari la uazimaji, bila kuwaongezea mzigo wa karatasi.

Mwalimu huyo wa maktaba naye apunguziwe vipindi viwili kwa wiki katika ratiba ya shule, kwa kuwa kazi anayopewa mtu juu ya kazi zake zote huifanya kwa moyo katika mwezi wa kwanza na kwa kujilazimisha katika mwezi wa tatu. Wanafunzi wawili wa kila darasa la juu wamsaidie kuandika na kupokea, na wakabidhiwe ufunguo wakati wa mapumziko. Watoto wanaoaminiwa kulinda ng'ombe wa familia wanaweza kuaminiwa kulinda hadithi 50.

Halmashauri inaombwa kuutoa waraka wa uazimishaji kabla ya shule kufungwa mwezi Juni, ili kamati za shule zikae na kupitisha kanuni zake wakati wa likizo, na Kamati ya Maendeleo ya Kata ipewe jukumu la kuchagua shule nne za kuanzia, angalau moja ikiwa ile iliyo karibu zaidi na machimbo. Taarifa ya kwanza kuhusu Juma la Kusoma isiandikwe siku ya kilele bali mwishoni mwa Novemba, na badala ya kutaja idadi ya wageni waliohudhuria itaje vitabu vingapi viliazimwa tangu Ijumaa ya juma hilo, vilirudi vingapi, na ni watoto wangapi ambao majina yao hayajaonekana hata mara moja katika daftari, ili walimu wawatafute hao kwanza muhula utakapofunguliwa Januari.

Nakala: Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Masumbwe, mbao za matangazo za shule.